Jina Katikati ya Blanketi

Ukipita soko la Kapkatet siku yoyote isiyo Jumapili, utamwona mwanamke mwembamba amekaa nyuma ya lundo la vipande vya nguo, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua, anakata. Usimsalimie akiwa ameshika mkasi. Hatakujibu, na ukisisitiza atakujibu vibaya. Huyo ni Wamuyu, mama yake Moureen, na Moureen ni mke wa mwanangu Kipyegon. Wateja wote wanamwogopa. Mimi simwogopi, ndiyo maana kila siku ananiambia ninyamaze, na kila siku sinyamazi.

Mimi naitwa Tecla. Nina majani chai kidogo chini ya barabara, nina ng'ombe wa maziwa, na nina hasira ambazo mume wangu husema nilikuja nazo siku ya harusi pamoja na sufuria. Sufuria zilishatoboka zamani.

Kazi ya Wamuyu ni blanketi za vipande. Waliosoma wanaziita kwilti, na sisi tukitaka kujiona tunaziita hivyo. Anachukua shati lililochakaa kola, leso iliyotoboka, sketi ya shule ambayo mwenyewe haimwingii tena, anakata sehemu nzima, anazipanga mezani siku mbili tatu akizihamisha huku na huku, kisha anaziunga kwa cherehani ya kukanyaga. Ndani anaweka pamba, chini anaweka bitana, halafu anapitisha sindano ya mkono juu yote mpaka vitu vitatu viwe kitu kimoja. Hapo ukijifunika baridi ya Julai unaisikia tu kwa redio.

Lakini blanketi la Wamuyu utalijua hata likianikwa mbali, kwa sababu katikati huwa kuna jina. Herufi kubwa za kitambaa, zimedariziwa pembeni. Mwalimu Kipkurui alipostaafu, jina lake liliandikwa kwa tai zake zote, hata ile ya zambarau iliyokuwa ikiwachekesha wanafunzi. Nicholas wa duka la dawa ana la kwake, lenye mfuko wa kaptula yake ya darasa la kwanza, na mpaka leo anaweka mkono mfukoni humo akilala. Mke wake ndiye aliyetuambia.

Mtu akimwagiza blanketi lisilo na jina, anafukuzwa. Nilimwuliza kwa nini.

"Blanketi bila jina ni ya nani?" akasema. "Ni ya mtu yeyote. Mimi sishonei mtu yeyote."

"Na mimi yangu iko wapi?"

"Wewe bado uko na maneno mengi. Yakiisha nitakushonea."

Basi miaka inaenda, maneno hayaishi, na mimi nalala na blanketi la dukani kama mgeni.

Ushonaji huo aliupata kwa nyanya yake aliyeishi Kipkelion. Nyanya huyo alikuja na watu wa kutoka Nyeri enzi treni ilikuwa treni, akalima mahindi ya watu mpaka akapata shamba lake. Blanketi mbili zikichakaa alikuwa anakata uzima wa hii na uzima wa ile, anapata moja ya watoto. Alizikwa hukohuko, na kila Desemba Wamuyu huenda kufyeka kaburi lake. "Cucu alikuwa hivi, cucu alisema vile," maana nyanya kwao ni cucu. Nimemsikia huyo cucu mpaka nikaona ni kama jirani.

Mimi na Wamuyu tulikutana kwenye Kikundi cha Sindano. Ni wanawake wa makanisa mawili, tunakaa Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa, tunashona, tunasengenya kidogo, tunaomba, tunaenda nyumbani. Kipyegon alikuwa ananibebea gunia la pamba, Moureen anambebea mama yake kichwa cha cherehani. Wakabeba na kubeba mpaka wakaoana. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, akafika jioni ng'ombe wakirudi nyumbani, akaitwa Cherotich, kwa maana kwetu sisi Wakipsigis mtoto huja na jina lake kutokana na saa aliyofikia. Kwao Wamuyu, msichana wa kwanza ni wa kumwita nyanya ya upande wa baba, na wa pili ni wa kumwita nyanya ya upande wa mama. Kwa hiyo Cherotich hakumsumbua.

"Huyo alikuwa wenu," aliniambia. "Mwite mnavyotaka. Mimi nangoja wangu."

Nikadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha hata kidogo. Wamuyu hana mtoto mwingine ila Moureen. Dada zake wana wajukuu wanaoitwa kama wao, wakikutana Krismasi ukiita jina moja wanageuka watu watano, na yeye anakaa hapo anagawa soda. Siku moja tukichambua vipande alisema bila kuinua macho, "Mama Kipyegon, mimi nikienda nimeenda. Hakuna Wamuyu mwingine anabaki." Kisha akaniomba nimpitishie pini. Nilimpa pini, nikampa na nyingine ambayo hakuiomba.

Moureen alipobeba mimba ya pili na mashine ya hospitali ikasema ni msichana, Wamuyu alitembea sokoni kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Sasa, kikundi chetu kina shindano kila mwaka. Mwenyekiti wetu, Dorine, anaenda kununua kitambaa kimoja, na kwa makusudi anachagua kibaya. Kila mwanachama anapewa kipande, na lazima kionekane kwenye blanketi lake, hakuna kukificha kwenye upindo. Mwaka huo Dorine alijizidi. Alileta kitambaa cha rangi ya chungwa chenye picha za birika za buluu, birika kubwa kama kichwa cha mtoto. Akasema blanketi liwe zawadi ya mtu wa nyumbani. Tulikishika kile kitambaa kwa vidole viwili, tukarudi nacho tukilaumu.

Wamuyu hakulaumu. Alikata sketi ya kijani ya Moureen ya sekondari, akaizungushia vipande vya mashati ya marehemu mumewe, mzee Mbuthia, na lile chungwa la Dorine akalikatia herufi. Nilipoenda kumwona alikuwa amemaliza. Alilitandaza mezani, na pale juu ya kijani, birika na yote, jina liliwaka: WAMUYU.

"Linapendeza?" akauliza.

Lilipendeza, tena sana. Na mimi nikaanza kulikunja haraka, kabla mtu mwingine hajaliona.

Nikueleze kwa nini. Jina la saa ni moja, lakini kwetu mtoto ana jina lingine. Mama mzee wa ukoo anamkalia, anaita majina ya watu wetu waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na anayefaa anapoitwa, mtoto anapiga chafya. Hapo tunajua ni nani amerudi. Sisi ni watu wa kanisa, hata mchungaji anajua tunafanya, anakuja baadaye kwa chai. Lakini wanaoitwa ni waliokufa. Mtu aliye hai haitwi. Kumwita ni kumhesabu na wa upande ule, na hakuna mama mzee atakayefungua kinywa kufanya hivyo. Na hapa mkwe wangu alikuwa amejiandika mwenyewe, kwa herufi za birika, juu ya blanketi la mtoto ambaye hata hajafika.

Nilikuwa nimepanga kunyamaza, nione itakavyokwenda. Lakini Kogo, shangazi wa mume wangu, ndiye huita majina kwetu, na alikuja kunywa chai akakuta habari imemtangulia.

"Huyo mkwe anataka kufa?" akaniuliza. "Nani amemkosea hapa?"

"Kwao si kufa, Kogo. Kwao ni heshima."

"Kwao ni kwao. Hiyo blanketi ikiingia kwa nyumba, mimi siingii. Mwambie."

Kumwambia kukawa kazi yangu. Nilipiga moyo konde, nikaenda sokoni mapema kabla ya wateja, nikamweleza polepole, kwa upole wote niliokuwa nao, ambao si mwingi. Alisikiliza mpaka mwisho. Mkasi uliwekwa chini, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kwa hivyo kwenu," akasema, "mpaka nife ndio niitwe."

"Kwetu mtu akiwa hai jina ni lake. Hatumnyang'anyi."

"Mimi nataka ninyang'anywe. Nataka nimwite huyo mtoto na mimi nikiwa na masikio. Nikishakufa nitasikia nini?"

"Mama Moureen, usiwe na kichwa ngumu. Kogo hataingia. Mtoto akose jina kwa sababu yako?"

"Na wewe mdomo wako haujawahi kupata breki."

Tuliambiana mengine ambayo hayana faida kuyarudia. Wauza ndizi walinyamaza ili wasikie vizuri. Mwishoni Wamuyu alivuta lile blanketi kutoka chini ya meza, akachukua kimkasi kidogo, akaanza kufumua. Uzi mmoja mmoja, W, A, mbele ya macho yangu, mpaka herufi zote zikawa mkononi mwake. Akazitia mfukoni mwa sweta.

"Sasa iko safi," akasema. "Enda umwambie."

Nilienda nikiwa na hasira, na nilipofika kwa majani chai yangu hasira ziliisha zikaacha kitu kibaya zaidi. Niliumia. Nasema waziwazi, kwa sababu nilimpenda yule mwanamke kuliko dada zangu wengine, na nilijua kilichokuwa mfukoni mwa sweta si vitambaa tu. Alhamisi iliyofuata hakuja ukumbini. Wala iliyofuata hiyo. Dorine aliniuliza nimemfanya nini. Nikamwambia ashone yake.

Mtoto alifika mchana wa mvua, hospitali ya Kapkatet, salama, na kwa sababu ya mvua akawa Cherop. Walipomleta kwangu nyumbani bado ilikuwa inanyesha. Kogo alikuja na mwavuli na kikopo chake cha ugoro, akakaa karibu na jiko. Nilikuwa namimina chai mlango ukabishwa, na hapo akasimama Wamuyu, amelowa mabega, amekumbatia mfuko wa plastiki.

"Mtoto atasikia baridi," akasema, kama mtu aliyetumwa.

Akatoa blanketi. Kogo aliinama akalikagua pande zote. Hakukuwa na herufi. Lakini mimi nilikuwa upande wa dirisha, na kwenye ile kijani niliona vitundu vya sindano, vimepangana safu nzima, unasoma jina kama kawaida. Sketi ya shule ni kitambaa kigumu, hakisahau. Nikavuta pazia. Tulimfunika mtoto, Wamuyu akaenda kukaa pembeni kabisa, penye viatu, na Kogo akaanza.

Aliita mama yake mume wangu. Mtoto alilala. Aliita dada za huyo mama, mmoja mmoja, wakiwemo wawili waliokuwa hawaongei wakiwa hai. Mtoto alilala. Aliita yule wa zamani aliyevuka kutoka Siongiroi na ng'ombe peke yake, tukainama wote, maana huyo huwa hakataliwi. Mtoto alipiga miayo. Kogo alivuta ugoro, akampulizia pumzi kwa mbali kama inavyoruhusiwa, mtoto akakunja uso akaendelea na usingizi. Akarudia wote toka mwanzo kama mwalimu anayeita majina darasani, na darasa limehama.

Moureen alianza kunitazama. Chai ilipoa.

"Huyu amenikataa," Kogo akasema, na nikaona amechoka kweli. Aligeuza kichwa polepole. "Upande wa mama kuna nani ametangulia?"

Hatukuwa na desturi ya kuuliza hivyo nyumbani kwetu. Lakini Kogo ndiye Kogo, na magoti yalikuwa yanamuuma. Wote tukageuka kwenye viatu.

Wamuyu alivisogeza viatu kando. "Kuna cucu yangu. Mama ya mama. Yuko Kipkelion."

"Amekufa?"

"Kabla huyu Moureen azaliwe."

"Jina?"

Alinitazama mimi, si Kogo, kama mtu anayejua kwamba akifungua mdomo ataambiwa ameiba. Mvua iligonga mabati.

"Ni Wamuyu," akasema. "Mimi nilipewa lake. Mimi ni msichana wa pili kwetu."

Nilisahau kwamba nimeshika birika, chai ikaniingia kwenye kiatu. Miaka yote hiyo ya cucu hivi, cucu vile, kaburi la cucu, blanketi za cucu, na hakuna siku aliyomtaja kwa jina.

"Na kwa nini hukusema?" nikamwuliza. "Siku ile sokoni, kwa nini hukusema?"

"Kusema nini? Hiyo kila mtu anajua. Sasa mimi ningetoa jina wapi?"

Kwao kila mtu anajua. Kwetu nani angejua, ikiwa jina la mtu linatoka kwa mvua na ng'ombe? Tungegombana mpaka tuzeeke, kila mmoja akidhani mwenzake anajua.

Kogo alikuwa bado anafikiria. "Alilima Kipkelion?"

"Mahindi. Na ng'ombe wawili."

"Na amelala huko."

"Ndiyo, Kogo."

"Basi huyo si mgeni," Kogo akasema. Akajiweka sawa kwenye kiti, akamwinamia mtoto, akaliita lile jina kwa ulimi wake wa Kikipsigis, zito, akilitafuna kidogo. Akaliita tena.

Mtoto alipiga chafya mpaka kofia ikamshuka machoni.

Kuna watu, na mume wangu ni mmoja wao, wanaosema ni vumbi la pamba ya lile blanketi. Nilimwuliza: na lilipoitwa jina la mama yako, vumbi lilikuwa limeenda wapi?

Moureen alichukua mtoto, akavuka chumba, akamweka mikononi mwa mama yake. Wamuyu alilia. Mimi nililia. Kogo akauliza kama katika nyumba hii kuna chai ya moto au kuna ya kumwaga kwenye viatu tu.

Baadaye, mvua ilipopungua, nilimwendea pale alipokaa nikatia mkono kwenye mfuko wa sweta yake. Hakuuliza ninatafuta nini. Herufi zilikuwa humo zote sita, zimekunjamana. Nilizipiga pasi, nikaomba sindano, nikakaa miguuni pake na kuanza kuzirudisha, nikifuata vitundu vyake, tundu kwa tundu. Yeye hangeweza, Wamuyu alikuwa amembeba Wamuyu. Mshono wangu haujawahi kusifiwa na mtu. Nilipofika U ya mwisho mtoto aliamka, nikaharakisha, ikalala upande kama mlevi anayesubiri kusindikizwa.

Siku ya shindano tulileta mwamuzi kutoka Kisii, Bi Nyagaka, fundi mkali asiye na undugu na mtu. Alipita meza zote, akafika kwa blanketi la kijani, akatulia. Akasifu mashati ya mzee Mbuthia. Akasema hajawahi kuona mtu akizitumia zile birika kwa adabu namna hiyo. Halafu akaweka kidole kwenye U.

"Hii ilishonwa na nani?"

Ukumbi mzima ulinitazama. Hatukushinda chochote. Dorine, roho yake nzuri, alimwambia Wamuyu kwamba ifumuliwe tu irudiwe vizuri, ni dakika chache.

"Hiyo usiguse," Wamuyu akasema. "Hiyo imeshonwa na mama Kipyegon."

Siku hizi kila asubuhi kabla ya kufungua meza yake anapitia kwangu. Anamwinamia mtoto, anamwuliza, "Cucu, umeamkaje?" kwa heshima, kama anayeongea na mtu mkubwa. Mimi nilimchokoza. Nikamwambia umekosa, mama Moureen, huyu aliitwa kwa jina la nyanya yako, si lako wewe.

"Ni moja," akasema. "Na siku yangu ikifika, Kogo hatasumbuka. Jina limeshazoea mdomo wa hii nyumba."

"Kogo atakuwa hayuko. Nani atakuita?"

"Si ni wewe? Mdomo unao."

Nikamwambia asiwe na haraka, maana mimi bado sina blanketi. Alitia mkono kwenye kikapu, akatoa kipande cha mwisho cha lile chungwa la birika, akakinyoosha kwenye goti, akateremsha miwani mpaka ncha ya pua na kuanza kukata herufi T. Nami, kwa sababu alikuwa ameshika mkasi, nikanyamaza.